Kumnyamazisha anayejibu kwa imani yake: tumeisahau kesi ya Dibagula?

Mlutheri wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu, na asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu.

Kila swali la dini linapozuka mbele za watu, iwe semina, kijiweni au kikao cha mtaa, naona tunakimbilia njia moja. Mtu anauliza, "Nyie mbona hamkubali kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu?" Aliyeulizwa anafungua kinywa kujibu kwa mujibu wa kitabu chake, na kabla hajafika mbali msimamizi anamkatisha: hayo ya dini tuyaache, tutavuruga amani. Swali limepita salama, jibu limezuiwa. Aliyeuliza anaondoka hajajua kitu na aliyezuiwa anaondoka na kinyongo. Halafu tunapeana mikono na kusema tumelinda amani.

Nchi hii jambo hili lilishafika Mahakama ya Rufani, tena lilianzia hapa hapa Morogoro kwetu. Vijana wengi hawajui, na wazee wanaojua hawalizungumzi.

Hamisi Rajabu Dibagula, mhubiri wa Kiislamu, alishtakiwa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu. Kosa lake lilikuwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ikamtia hatiani na kumpa kifungo cha miezi 18 jela. Waislamu wakaandamana Dar es Salaam. Mahakama Kuu ikapunguza adhabu ili atoke mara moja, lakini hatia ikaiacha pale pale. Mngeweza kudhani mtu aliyekwisha kutoka gerezani atashukuru na kwenda zake. Akakata rufaa, na alikuwa na haki ya kukata, kwa sababu hatia ile ilikuwa inasema kwamba kutamka itikadi ya dini yako ni jinai. Mwaka 2003, enzi za Jaji Mkuu Barnabas Samatta, Mahakama ya Rufani ikaifuta hatia yenyewe.

Msingi wake ni mwepesi kueleweka. Kifungu cha 129 hakisemi ukimuumiza mtu hisia zake za dini umekosa. Kinataka ithibitishwe kwamba ulitamka kwa nia ya makusudi ya kuumiza. Mtu anayeeleza dini yake inaaminije, upande wa mashtaka una mzigo wa kuonyesha kwamba lengo lake lilikuwa kujeruhi wengine. Kwa Dibagula mzigo huo haukubebeka.

Mimi ni Mkristo. Kila Jumapili nasimama na wenzangu kukiri kwamba Yesu Kristo ni Mwana wa pekee wa Mungu, na sisemi hivyo kwa mazoea. Maneno ya Dibagula siyaamini hata kidogo. Lakini tazameni ndugu zangu: Muislamu husoma Suratul Ikhlas ndani ya swala yake, na humo mna "hakuzaa wala hakuzaliwa". Maneno ya Dibagula ni tafsiri ya hayo tu. Kama ni jinai akiyasema kwa Kiswahili uwanjani, basi ni jinai pia akiyasema kwa Kiarabu msikitini, na tungekuwa tumeifanya swala yenyewe kuwa kosa.

Halafu geuzeni upande wa pili. Mimi nikisimama nikasoma Yohana 14:6, "mtu haji kwa Baba, ila kwa njia ya mimi," nimewaambia Waislamu wote wanaonisikia kwamba njia yao haifiki. Hilo haliumizi? Linaumiza sana kwa anayependa dini yake. Tukifanya maumivu ya msikilizaji kuwa kipimo, hakuna dini itakayobaki na cha kusema katika nchi hii. Zitabaki salamu na kuombeana heri ya sikukuu.

Katiba yetu ibara ya 19 inasema kazi ya kutangaza dini na kueneza dini ni huru. Kueneza! Huwezi kueneza kitu bila kumwambia mtu kwa nini aache alichonacho.

Ninachokisimamia ni hiki: mwenye kusimamia watu ana haki ya kuhukumu mwenendo. Mtu akitukana, akichochea wapigane, akimfuata mtu mpaka mlangoni kwake, amzuie mara moja. Hana haki ya kuhukumu itikadi, wala ya kumnyima jibu aliyeuliza kwa dhati. Galio, liwali wa Kirumi kule Korintho, aliletewa Paulo kwa mashtaka ya namna hii (Matendo 18). Aliwaambia washtaki kwamba ingekuwa dhuluma au hila mbaya angewasikiliza, lakini kwa kuwa ni hoja ya maneno na majina na sheria yao, waliangalie wenyewe. Yeye hataki kuwa mwamuzi wa mambo hayo. Mpagani yule alijua mpaka wa kazi yake.

Naomba hoja zenu. Nitazisoma zote.

---

Mchungaji Mstaafu

Shalom ndugu yangu wa Kihonda. Umeandika kwa moyo na nakuheshimu. Nakupinga, hata hivyo.

Wewe unazungumzia jibu, mtu kaulizwa akajibu. Mimi nilikuwapo wakati wa mihadhara ya mlingano wa dini, ile ya kulinganisha Biblia na Kurani hadharani, miaka ya themanini mwishoni na tisini. Kanda za Ahmed Deedat, mhubiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, akijadiliana na mhubiri wa Kikristo wa Marekani, Jimmy Swaggart, kule Louisiana mwaka 1986 zilikuwa zinazunguka mkono kwa mkono, na kila kijana aliyejua aya kumi za Biblia alikuwa anataka uwanja wake. Hatukuwa tumemuuliza mtu. Tulikuwa kwenye ibada ya jioni, spika zinaelekezwa kanisani, na tunasikia, "Mungu gani huyo alivalishwa nepi? Mungu gani anayekufa?" na watu wanaangua vicheko. Akina mama walikuwa wanalia kwenye mabenchi. Ungekuwa mchungaji wao ungewaambia nini? Kwamba yule ana haki ya ibara ya 19?

Amani yetu ni nyembamba. Mwaka 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa Dar es Salaam. Mwaka 1998 ikaja ghasia ya msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam. Mwaka 2012 watoto wawili walibishana Mbagala juu ya Kurani na muda si mrefu makanisa yalikuwa yanaungua. Msimamizi anayesema "tuyaache hayo" anakumbuka vitu hivi. Usimhukumu kwa haraka.

---

Bin Saidi wa Tanga

Mchungaji, kwanza pole kwa uliyoyapitia wewe na kundi lako. Naisema pole hii nikiwa Muislamu na sitaipunguza kwa "lakini".

Kitabu changu kimeliona jambo hilo kabla yetu. Suratul An'am aya ya 108 inatukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa jeuri bila kujua. Na An-Nahl aya ya 125 inaamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mema, na kujadiliana kwa namna iliyo bora. Aliyekuwa anachekesha watu kwa nepi alivunja amri ya dini aliyokuwa anaihubiri. Masheikh wetu wengi waliwaambia hivyo wahubiri wale, ana kwa ana.

Ila Mchungaji, umeitaja Mwembechai kama ushahidi wa kunyamazisha, na mimi naisoma kinyume chake. Malalamiko yaliyotangulia yalikuwa juu ya mawaidha, kwamba yanakashifu Ukristo. Dola ikaingia kwa nguvu, Februari 1998, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Miaka 3 baadaye mtu anafungwa Morogoro kwa sentensi iliyomo ndani ya Kurani. Jamaa zangu walichokisikia siku ile ni kwamba nchi imeamua upande. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ndiyo iliyotushusha pumzi. Wazee wa msikiti wetu walikuwa wanasema, kumbe kuna mahali tunasikilizwa. Unadhani amani ilikuzwa na kifungo cha miezi 18 au na hukumu iliyoifuta hatia?

---

Wakili wa Mwananyamala

Niongeze ya kisheria kidogo.

Kifungu cha 129 hakikutungwa kwa ajili ya Manzese wala Morogoro. Ukikilinganisha na kifungu cha 298 cha Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860 utaona ni ndugu moja. Kanuni ile ilianza kuandikwa na tume ya Macaulay miaka ya 1830, Waingereza wakitawala Wahindu na Waislamu pamoja. Kenya wana chao cha 138, kimeshonwa kitambaa hicho hicho. Na hata watawala wale wa kikoloni waliandika sharti la nia ya makusudi, kwa sababu walijua mahubiri yote huumiza mtu fulani.

Pili, Mchungaji amechanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. La Mbagala lilianza na kitendo, kukinajisi kitabu kinachoheshimiwa. Hilo lina kifungu chake, cha 125, na halina uhusiano na mtu kueleza anachoamini. Kuchoma makanisa kulikofuata ni jinai ya kawaida, haina haja ya kifungu cha dini.

Tatu, wengi hawakumbuki kwamba njia ya wahubiri hawa kukutana uwanjani ilisafishwa na mchungaji. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda Mahakama Kuu Dodoma kupinga, pamoja na mambo mengine, sharti la kuomba kibali cha mkutano. Jaji Lugakingira akaona sharti lile linapingana na Katiba. Leo sheria ya polisi inataka utoe taarifa saa 48 kabla. Kwa hiyo mhadhara wa Kiislamu unaofanyika kesho Temeke unasimama juu ya kesi ya mchungaji, na Mkristo atakayeshtakiwa kesho kwa kusema "Yesu ni Bwana" atajitetea kwa kesi ya Dibagula. Ningependa watu wa pande zote mbili walijue hilo.

---

Mama wa Mchanganyiko

Hodi jamani, naingia kama mwanamke aliyeolewa nyumba yenye dini mbili.

Kaka wa Kihonda nakubaliana nawe uwanjani na mahakamani. Nyumbani na msibani sikubaliani. Mkwe wangu alipofariki, watu wa pande zote wamekaa jamvini, shemeji yangu mmoja akauliza kwa sauti kama marehemu ataingia peponi au la. Lilikuwa swali, alitaka jibu, na kulikuwa na watu wawili pale wenye majibu tayari, kila mmoja na aya yake. Baba mdogo akasema, "Tumzike kwanza." Wote wakanyamaza. Alikosea? Kwangu alikuwa mtu mwenye akili kuliko wote siku ile.

Sasa ndiyo nakuuliza: utatofautishaje yule mwenyekiti wako anayekatisha na baba yetu mdogo?

---

Mswahili wa Likoni

Kutoka Mombasa, salaam. Huku nasi tunakaa mlango kwa mlango, madrasa ukuta mmoja na kanisa, na Katiba yetu ya 2010 ibara ya 32 yasema mtu aweza kudhihirisha dini yake hadharani kwa ibada, mafundisho na mengineyo. Nilisoma shule ya wamisionari mimi. Kipindi cha CRE, yaani somo la dini ya Kikristo, nilimuuliza mwalimu swali la Utatu, nikataka kweli kufahamu. Akaniambia swali hilo si la Muislamu kuuliza. Mpaka leo nilichojifunza siku ile ni kwamba hana jibu. Najua si kweli, nimekuja kusoma baadaye, jibu lipo na watu wameliandika vitabu. Lakini aliyelizuia ndiye aliyelifanya lionekane halipo. Naunga mkono uzi.

---

Mlutheri wa Kihonda (mleta uzi)

Asanteni sana wote.

Mchungaji wangu, kwanza nikujibu wewe kwa sababu umesema la uchungu. Waliokuwa wanacheka mbele ya kanisa lako wakati wa ibada, wakielekeza spika kwa waumini, sitawatetea. Hapo nia inaonekana kwa macho. Mahali, saa, mwelekeo wa spika na kicheko vyote vinashuhudia. Ningekuwa hakimu ningetaka kusikia ushahidi huo.

Lakini tutenganishe kicheko na swali. "Mungu anakufaje?" ni swali la kweli, na wa kwanza kulibishania hawakuwa Waislamu. Tulikuwa sisi. Ario, padre wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na maaskofu wakakutana Nikea mwaka 325 kumjibu. Jibu lao ndilo tunalokiri mpaka leo, na naliamini. Tazama kilichofuata, ingawa. Kaisari Konstantino hakutosheka na jibu la maaskofu peke yake, akaamuru maandishi ya Ario yachomwe na mwenyewe ahamishwe. Jambo likaisha? Baada ya miaka michache upepo wa ikulu ukageuka, na aliyeanza kufukuzwa akawa Athanasio, mtetezi mkuu wa Nikea. Alihamishwa mara 5 katika maisha yake! Konstantino mwenyewe alibatizwa karibu na kifo chake, mwaka 337, na Eusebio wa Nikomedia, aliyekuwa mtu wa upande wa Ario. Tulipompa mtawala kazi ya kuondoa majibu ya dini tusiyoyapenda, alianza na wapinzani wetu kisha akatufikia sisi. Kilichoishinda hoja ya Ario mwishoni ni miaka mingi ya watu kuandika, kuhubiri na kujibu. Moto wa Konstantino ulichoma karatasi tu.

Ndiyo maana naogopa Mkristo anayefurahia Muislamu akinyamazishwa. Petro alituagiza tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu (1 Petro 3:15). Agizo hilo linadhani kwamba mbele yetu yupo mtu mwenye uhuru wa kuuliza na kupinga. Ukimwondoa huyo, upole unamwonyesha nani?

Bin Saidi, umenigusa kwa ile pole usiyoipunguza. Nami nikupe yangu kwa Morogoro. Wakristo wengi wa mji huu tuliona hukumu ya kwanza ni haki, na sikumbuki mimbari iliyosema vinginevyo.

Wakili, hilo la Mtikila na Dibagula nitalisimulia kanisani, nikipewa nafasi.

Sasa Mama wa Mchanganyiko. Swali lako nimelala nalo. Baba mdogo aliahirisha. Alisema "tumzike kwanza", maana yake lipo baadaye, na majibu yote mawili aliyapa heshima sawa: hakuna lililosikika na hakuna lililoitwa uchochezi. Mwenyekiti ninayemlalamikia anaruhusu swali, anaruhusu jibu la upande wa wengi, kisha anagundua amani wakati wa kujibu umefika kwa wa upande wa pili. Nimeliona hilo mara nyingi mno kwenye vikao vya mitaani kwetu, na upande unaokatishwa hubadilika kulingana na mtaa. Kwingine ni Muislamu, kwingine ni Mlokole. Baba mdogo angekuwa amekosea kama angemwacha yule wa aya ya kwanza amalize ndipo aseme "tumzike kwanza".

Na arobaini ilipofika, kuna aliyemjibu shemeji yako?

---

Mama wa Mchanganyiko

Hapana kaka. Nakiri hakuna aliyerudi kwake. Nitamtafuta mwenyewe, ingawa mimi na yeye hatutakubaliana.

---

Mchungaji Mstaafu

Nimesoma. La Athanasio nilifundishwa chuoni ila sikuwahi kuliweka karibu na la Dibagula. Nitakaa nalo.

Bado sijaridhika na jambo moja, na nataka unijibu kama Mkristo mwenzangu, usiwe mwanasheria. Hukumu imesema lazima nia ya makusudi ithibitishwe. Sawa. Mhubiri mjanja atasema daima kwamba nia yake ni kulingania. Aliyeumizwa ana nini mkononi?

---

Wakili wa Mwananyamala

Mchungaji, samahani namtangulia mleta uzi. Nia huthibitishwa kwa mazingira katika makosa yote, hata ya mauaji. Hakuna anayepasuliwa kifua. Maneno ya matusi, kurudiarudia baada ya kuombwa aache, kuchagua mlango wa kanisa wakati uwanja upo, vyote ni ushahidi. Kilichokosekana kwa Dibagula ni ushahidi wa aina hiyo. Kifungu bado kipo, hakikufutwa.

---

Mlutheri wa Kihonda (mleta uzi)

Wakili amejibu la mahakama. La Kikristo, Mchungaji: kwenye Matendo 19 Efeso nzima imejaa uwanjani, watu wanapiga kelele kwa muda wa kama saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu!" Kwao mahubiri ya Paulo ni kashfa tupu. Karani wa mji, mwabudu Artemi, anasimama na kusema watu hawa hawakuiba vitu vya hekalu wala kumtukana mungu wetu. Kama Demetrio, mfua fedha aliyeanzisha ghasia ile, ana neno juu ya mtu, mahakama zipo wazi. Paulo alikuwa amefundisha kwamba miungu iliyofanywa kwa mikono si miungu, na karani bado akaona hilo halijafika kuwa tusi. Kanisa la Efeso lilipona siku ile kwa sababu mtu wa dini nyingine alitofautisha. Natamani Mkristo wa Morogoro amfanyie Muislamu angalau hicho.

Na kwa la spika, hapo tuwe wakali bila kuangalia dini. Tangu 2015 kuna kanuni za viwango vya kelele chini ya sheria ya mazingira, na mamlaka ya taifa ya mazingira ndiyo yenye kuzisimamia. Sauti ikipita kiwango, pima, lalamika. Kuna mkutano wa Injili unaokesha jirani na kwangu, spika zinaelekea nyumba ambazo nusu ni za Waislamu. Nilikwenda kuongea na wazee wao wiki hii, wakaahidi kuzigeuza. Wasipozigeuza nitapeleka malalamiko kwa maandishi, na nitaweka jina langu.